Je, mtu anaweza kuwa "convenient"?

SWALI: Mhariri wa safu ya lugha, salaam. Mimi ni karani katika duka la jumla la vyombo vya plastiki hapa Kariakoo. Mwenye duka ni mzee mmoja raia wa China ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye bei, kwa hiyo mambo mengine yote tunaelewana kwa Kiingereza. Hivi karibuni, saa tatu usiku, alinitumia ujumbe kwenye simu ulioandikwa hivi: "Are you convenient tomorrow evening?" Kaka yangu aliuona, akaliingiza neno hilo katika programu ya kutafsiri, akapata "rahisi", na tangu usiku huo nyumbani hapakaliki, kwa sababu anasema mwanamume hamuulizi mwanamke aliyemwajiri kama yeye ni rahisi. Nilipofika kazini asubuhi nikakuta kumbe kuna kontena lingeshushwa jioni hiyo, na mzee alitaka nibaki kuhesabu mzigo. Naomba unieleze neno hilo lina maana gani hasa, aliyekosea ni mzee au ni sisi, na kama inafaa nimsahihishe.
Karani, Kariakoo

JIBU: Dada yangu, nianze na lile linalowasumbua nyumbani. Mzee huyo hakukutukana, na kwa jinsi ujumbe wake ulivyo, alikuwa akijitahidi kukuheshimu. Alitaka kujua kama jioni ya siku ile ungekuwa na nafasi, na alichagua neno ambalo katika lugha yake ndilo neno la adabu kwa swali la namna hiyo. Jambo liliharibika njiani, pale sentensi ya Kichina ilipovishwa maneno ya Kiingereza bila kubadilishwa umbo lake, kisha programu ya simu ikalinyakua neno moja tu na kulipa Kiswahili kisicholistahili.

Kwa Kimandarini angeuliza "Ni mingtian wanshang fangbian ma?", ambayo neno kwa neno ni "Wewe kesho jioni fangbian je?", na "fangbian" hapo ni kufaa bila usumbufu. Katika lugha hiyo kivumishi kinaweza kukaa peke yake kama kiarifu, bila kitenzi chochote kinacholingana na "ni" yetu, na neno linalotangulia sentensi mara nyingi hutaja tu yule au kile kinachozungumziwa, hata kama sifa inayofuata si yake. Kwa sisi wenye Kiswahili hilo halipaswi kuwa geni, kwa kuwa kila siku tunaulizana "Wewe kesho jioni vipi?" na hakuna anayedhani kwamba anaulizwa yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani. Neno "wewe" pale mwanzoni ni kama mlango wa kuingilia katika mazungumzo. Mchina anapoanza na "ni", yaani wewe, naye anafungua mlango huohuo.

Kiingereza hakina uhuru huo. Ukishasema "you are", sifa yoyote inayofuata inamshukia aliyetajwa, na kivumishi "convenient", katika Kiingereza cha kawaida cha leo, hakimwelezi mtu. Kinaeleza wakati, mahali, kifaa, njia au mpango unaoafikiana na haja ya mtu bila kumsumbua. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "convenire", kuja pamoja au kuafikiana, na asili hiyo inasaidia sana kulikumbuka neno, kwa kuwa kilicho "convenient" ni kile kinachokutana na haja yako pale ulipo. Mtu anayefaidika hutajwa baadaye, kwa kihusishi "for". Kwa hiyo mzee alipaswa kuandika "Is tomorrow evening convenient for you?", au kwa upole zaidi "Would tomorrow evening be convenient for you?" Hapo jioni ndiyo inayopimwa, nawe unabaki kuwa mpimaji. Alivyoandika yeye, mpimwaji akawa wewe, na hata Mwingereza angeusoma ujumbe huo mara mbili, maana unamfanya mtu aonekane kama chombo kinachoulizwa iwapo kipo tayari kutumika. Hasira ya kaka yako haikutokea hewani. Alihisi, bila kukijua Kiingereza kwa undani, kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Tafsiri ya "rahisi", hata hivyo, naikataa. Kitu rahisi hakitaki nguvu wala akili nyingi, na kinaweza kuwa rahisi huku hakikufai hata kidogo. Kuamka saa kumi alfajiri kwenda Feri kununua samaki ni jambo rahisi kueleza, lakini kwa mtu anayeishi Mbezi haliwezi kuwa "convenient". Kiswahili chetu kina maneno yaliyo karibu zaidi, kama vile "-a kufaa", "kuwa na nafasi", "kutokuwa na usumbufu", na la kutumia huamuliwa na kinachosifiwa. Tena "rahisi", ambalo tulilipata kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bei ndogo, likimwangukia mwanamke hugeuka kuwa tusi, na programu ya simu haijui hilo.

Hapa nina jambo ambalo, kwa kuwa unafanya kazi Kariakoo, nadhani utalipenda. Alama ya pili katika neno "fangbian" ni ileile inayoanza neno "pianyi", ambalo bila shaka umelisikia dukani kwenu mara nyingi kuliko jina lako, kwa maana ya bei nafuu. Alama ni moja, husomwa "bian" panapozungumzwa wepesi wa jambo na "pian" panapozungumzwa unafuu wa bei. Wachina na Waswahili, bila kuazimana neno hata moja hapa, wameuweka wepesi na unafuu katika chumba kimoja, wakati Waingereza wamevijengea vyumba viwili.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Wafasiri wa maandiko ya Kibudha kutoka Kisanskriti walilitumia "fangbian" kwa neno "upaya", yaani njia ifaayo ya kumfundisha kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake wa kuelewa. Kutoka humo hekaluni limeteremka hadi jikoni, ambako tambi za kuloweka kwa maji ya moto huitwa "fangbian mian", na limeteremka hata zaidi. Mchina mstaarabu akitaka kwenda msalani husema anakwenda "fangbian", kama sisi tunavyosema mtu anakwenda kujisaidia, na kwa alama hiyohiyo ya "bian" wanaunda "dabian" na "xiaobian", ambayo neno kwa neno ni kubwa na ndogo, sawasawa kabisa na haja kubwa na haja ndogo zetu. Waingereza nao waliingia katika tafsida hiyohiyo, ndiyo maana vyoo vya umma huko Uingereza viliandikwa "public conveniences". Sijui mfano mwingine ambapo lugha tatu zisizo na undugu zimekubaliana hivyo juu ya jambo la aibu.

Liko pia tumizi moja ambalo ni vizuri ulijue kwa ajili ya kazi yako. Wachina husema mkono wa mtu si "fangbian" wakimaanisha kwamba kwa sasa hana fedha za kutosha. Siku mteja wa Kichina atakapokuambia kwa Kiingereza kwamba leo mkono wake haupo "convenient", usimpe pole ya maumivu, kwa sababu anakuomba muda wa kulipa. Na akisema kwamba miguu ya mama yake si "convenient", hapo ni kweli mama hutembea kwa shida.

Umeuliza aliyekosea ni nani. Sarufi ya Kiingereza ilivunjwa na mzee, lakini naomba kabla ya kumhukumu tujitazame wenyewe, kwa maana katika swali hilohilo sisi tunaanguka kwenye shimo la jirani. Mtanzania akitaka kumuuliza mtu kama kesho ana nafasi, mara nyingi husema "Do you have a chance tomorrow?", kwa kuwa kichwani mwake neno "nafasi" limeshabatizwa "chance". Mwingereza anayesikia hivyo anadhani ameulizwa kama kesho ana matumaini ya kushinda jambo fulani. Nafasi yetu ni pana mno, kwani ndani yake mna wakati, mna kiti cha daladala, mna ajira na mna fursa, na Kiingereza kinataka neno tofauti kwa kila kimoja. Wafasiri wa Biblia walilijua hilo vizuri. Pale liwali Feliki anapomwahirisha Paulo katika Matendo ya Mitume, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina maneno "a convenient season", na Biblia ya Kiswahili inasema tu "nikipata nafasi nitakuita". Hawakulitafsiri neno peke yake. Walitafsiri alichotaka kusema Feliki, na hivyo ndivyo mzee wako angefanya kama angekuwa na muda wa kufikiri saa tatu ile ya usiku.

Kuhusu kumsahihisha, nakushauri usimwambie mbele ya wateja, wala usimwandikie somo la sarufi. Yeye ni mkubwa wako kwa umri na kwa kazi, na mtu wa makamo aliyejifunza lugha ya tatu ili apate riziki anastahili kulindiwa uso. Mjibu tu kwa umbo lililo sahihi: "Yes, tomorrow evening is convenient for me." Atalisoma, na kama ni mtu makini atalichukua. Na siku usipoweza, andika "I am sorry, tomorrow evening is not convenient for me, but Saturday morning is." Usione haya kuandika hivyo. Kwa Wachina, "bu fangbian", yaani kukataa kwa neno hilohilo, ni njia ya heshima ya kusema hapana bila kulazimika kutaja sababu, kama sisi tunavyosema "nina udhuru", na mwenye adabu haulizi udhuru gani. Mzee, kwa kutumia neno hilo, alikuachia mlango wa kukataa wazi kabisa. Mweleze kaka yako jambo hili kabla ya mengine yote, kwani mtu mwenye nia mbaya hamwachii mwenzake mlango wazi.

SWALI: Nafundisha Kiingereza jioni, Mikocheni, kwa mafundi na wahasibu wa Kichina. Mbali na "I am convenient", wanafunzi wangu wanasema "I am difficult to come early" na "I am not possible to come on Sunday", na mmoja ameandika kuhusu mtaa wake kwamba "the traffic is very convenient". Nikiwasahihisha wanakubali, kisha wiki inayofuata wanarudia. Nifanyeje?
Mwalimu wa jioni, Mikocheni

JIBU: Mwalimu, sentensi zako mbili za kwanza zina ugonjwa mmoja na ile ya karani wa Kariakoo, na ndiyo maana hazitibiki moja moja. Mchina anaweza kusema vizuri kabisa kwa lugha yake "Wo hen nan zaodao", ambayo neno kwa neno ni "mimi sana gumu kuwahi". Kiingereza hakikubali kwamba wewe ndiwe mgumu. Ugumu ni wa tendo la kuwahi, na kwa kuwa tendo hilo ni refu kulitanguliza, Kiingereza huweka mbele kiima kitupu, "it", kisha mtu hutajwa baadaye: "It is difficult for me to come early."

Kiima hicho kitupu ndicho kinachowapiga chenga wanafunzi wako, kwa sababu Kichina hakina kitu kama hicho. Lakini wewe unacho. Tunaposema "inawezekana nisije Jumapili" au "inanilazimu niondoke", ile "i" ya mwanzo haitaji kitu chochote duniani, imeshika tu nafasi ya kiima. Kwa hiyo usianze na kanuni ya Kiingereza. Waandikie ubaoni sentensi ya Kiswahili, ambayo wengi wao wanaihitaji mjini hapa kila siku, uwaonyeshe "i" hiyo, kisha uweke "it" chini yake. Mtu anayeona kwamba hata lugha ya konda na mama lishe inafanya hivyo huacha kufikiri kwamba Kiingereza kinamwonea yeye peke yake.

Kisha wape swali moja la kujiuliza kila wanapotaka kutumia kivumishi: sifa hii ni ya nani? Uchovu ni wangu, kwa hiyo "I am tired" ni sawa. Nafasi ya muda naweza kuwa nayo mimi, kwa hiyo "I am free" na "I am available" ni sawa, na hayo mawili ndiyo maneno ninayokuomba uwape badala ya "I am convenient", kwa sababu mwanafunzi ambaye amenyang'anywa neno bila kupewa jingine atalirudia lile la zamani. Uwezekano, ulazima na wepesi wa mpango ni vya jambo. Waambie pia kwamba makosa haya hayana uzito sawa. Anayesema "I am not possible" anaeleweka na kusamehewa, lakini anayesema "I am difficult" amejitangaza kuwa mtu msumbufu, na mbele ya mwajiri hilo ni neno zito.

Watakuuliza mbona Waingereza wenyewe husema "She is difficult to please". Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba huyo bibi ndiye anayepaswa kupendezwa, yaani yeye ni mtendwa wa kitenzi kinachofuata na wala si mtenda, ilhali katika "I am difficult to come" anayekuja ni yuleyule "I". Ila nakusihi uliache hilo hadi watakapokuwa wameizoea "it", kwa kuwa mgeni akioneshwa mlango wa nyuma mapema atapita huo kila siku.

Sentensi ya "traffic" ina asili nyingine. Neno "jiaotong" la Kichina lina usafiri na mwendo wa magari kwa pamoja, na mtaa wenye mabasi ya kutosha husifiwa kuwa na "jiaotong" iliyo "fangbian". Kwa Kiingereza "traffic" ni magari yaliyomo barabarani tu, hivyo mwanafunzi wako ameusifia mtaa kwa foleni yake, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kukwama Mwenge saa kumi na mbili jioni atashangaa. Hapa "convenient" inafaa kabisa, mradi sifa apewe mtaa wenyewe. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mtu anaweza kuandika "Kimara is convenient for the city centre", Mmarekani ataweka "to" badala ya "for", na wote wawili wako sawa. Maana yake ni kwamba ukiwa Kimara, kufika mjini hakukusumbui.

Jambo la mwisho kwako, ambalo utalifundisha kwa wale waliokwishakomaa: neno hili lina upande wenye shaka. "A convenient excuse" ni kisingizio kilichomfaa mtu kupita kiasi, kinachotufanya tujiulize kama ni cha kweli. "Fangbian" haina ukali huo, kwa hiyo Mchina anaweza kumsifia mwenzake kwa sababu aliyoitoa kuwa ni "convenient", akidhani anampongeza, huku aliyesifiwa akisikia ameitwa mwongo.

SWALI: Nimepokea barua ya ofisi kwa Kiingereza inayonitaka nilipe deni "at your earliest convenience". Nimeelewa kwamba nilipe nitakapokuwa na nafasi. Jirani yangu anabisha.
Mpangaji, Tabata

JIBU: Jirani yako yuko sahihi. "At your convenience" peke yake ingekuachia wewe kuchagua wakati unaokufaa. Likiongezwa "earliest", lenye maana ya mapema kabisa, maneno hayo yanasema ulipe mapema iwezekanavyo, na upole wake ni wa sauti tu. Mwandishi wa barua za ofisi huyatumia anapotaka jambo lifanyike upesi bila kuonekana anaamrisha, na asipojibiwa, barua ya pili kwa kawaida huja na tarehe. Kama fedha hazijapatikana, usinyamaze. Waandikie sasa, utaje tarehe utakayoweza kulipa, na uulize "Would that date be convenient for you?"